Betri Haikuwa na Kosa

Nilikuwa kwenye foleni ndefu, simu imezimika, sina pa kupeleka macho. Yakatua kwenye saa mkononi. Mshale wa sekunde ulikuwa umesimama. Kabla sijaigonga kioo kwa kidole, kama tufanyavyo wote, mshale ukaruka sekunde mbili kwa mkupuo. Ukatulia. Ukaruka tena, mbili.

Majira yalikuwa sahihi kabisa.

Aliyevaa saa za betri kwa miaka anaijua dalili hiyo: betri iko ukingoni. Kufa kwa betri hakukunisumbua, kwa sababu betri hufa. Kilichonisumbua ni kwamba ile ilikuwa bado mpya. Fundi aliiweka mwaka huohuo, na wakati ananikabidhi saa aliniambia bila kusita kuwa tutaonana tena baada ya miaka mitatu.

Wiki kadhaa nikawa nalitafuna jambo hili. Hiyo miaka mitatu inatoka wapi? Nani aliipima, na aliipimia saa ya nani? Na ikiwa ahadi ni miaka na mimi nimepata miezi, mdhulumaji ni nani kati ya betri, fundi na saa yenyewe?

## Ishara isiyopiga kelele

Kwanza tuutendee haki huo mshale. Kuruka kwake si ubovu. Ni ishara iliyowekwa makusudi na waliobuni saketi ya saa.

Saa nyingi za mishale hutumia betri ya oksidi ya fedha, na betri hiyo ina tabia yake. Siku ya kwanza inatoa volti 1.55. Katikati ya maisha yake inatoa karibu zilezile. Inaendelea hivyo mpaka siku za mwisho kabisa, kisha inaporomoka. Ukiipima leo kwa kipimo cha volti, huwezi kujua kama imebakiza miaka miwili au miezi miwili. Kwa hiyo saketi inakaa ikiichungulia, na ikiona volti zimeanza kushuka, inabadili mwendo wa mshale: inasubiri sekunde mbili zitimie ndipo inapiga hatua mbili pamoja. Baadhi ya mashine za Uswisi husubiri nne. Dakika inabaki na sekunde sitini zake, majira hayapotei, na wewe unapewa siku chache za kujipanga.

Naipenda sana adabu hiyo. Ila ina gharama yake: watu wengi huvaa saa inayoomba msaada wiki nzima, wasiione, kisha ikisimama wanasema imekufa ghafla.

Shaka yangu ya kwanza, nakiri haikuwa na heshima sana, ilimwangukia fundi. Betri ndogo za duara zina majina yanayosomeka ukijua pa kuanzia. SR626SW, kwa mfano: S ni ya kemia ya fedha, R ni ya umbo la duara, 6 inatokana na kipenyo chake ambacho ni milimita 6.8, na 26 ni unene wa milimita 2.6. SW mwishoni inaonyesha kuwa imetengenezwa kwa saa zinazosharabu umeme taratibu, yaani za mishale zisizo na taa wala mlio. Sasa kuna ndugu yake, LR626. Mwili ni uleule, inaingia mlemle, saa inatembea. Lakini ndani ni alkalini. Volti zake huanza kushuka mapema na kuendelea kushuka kidogokidogo, uwezo wake ni mdogo, na huvuja kwa urahisi zaidi. Kwa nje, tofauti yao ni maandishi yanayohitaji miwani.

Nikajiambia nimewekewa alkalini. Nikaenda na maneno yangu nimeyapanga.

## Saa yenye njaa

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Imeanza kuruka?"

Sikuwa nimeivua bado. Aliuona mshale kutoka upande wa pili wa meza.

Akabandika lenzi jichoni, akapenyeza kisu chembamba kwenye ukingo wa mfuniko wa nyuma, ukafunguka kwa mlio mdogo. Betri akaitoa kwa kibano cha plastiki. Cha chuma kingeweza kugusa juu na ubavuni kwa pamoja na kuipotezea umeme, na vidole navyo huacha jasho na mafuta yanayoupa umeme njia ya kuvujia. Akaigeuza chini ya taa nione mwenyewe. SR626SW. Maneno yangu niliyoyapanga yakabaki kooni.

"Betri haina kosa," alisema. "Saa yako ndiyo ina njaa."

## Miaka mitatu inatoka wapi

Nilipofika nyumbani nilichukua karatasi, kwa sababu neno njaa lilikuwa limeniingia.

Betri ya aina ile hubeba takribani miliampea 28 kwa muda wa saa moja. Igeuze iwe kipimo kidogo zaidi: mikroampea 28,000 kwa saa moja, au mikroampea 1 kwa saa 28,000. Mashine ya kawaida ya mishale mitatu ikiwa na afya njema hutumia kiasi cha mikroampea 1 kwa wastani. Mwaka una saa 8,760. Gawanya, unapata miaka mitatu na kitu kidogo.

Basi, ahadi yenyewe ni hiyo. Ni mgawanyo tu, na kigawanyo chake si tabia ya betri. Ni hamu ya mashine. Mashine ikitaka mikroampea 2, betri ileile, halali, ya fedha, itamaliza mwaka mmoja na nusu. Ikitaka 3.2 au zaidi, haitauona mwaka.

Inashangaza kidogo kuwa kitu kinaweza kufanya kazi kwa umeme mdogo hivyo. Ndani ya saa kuna kipande cha fuwele ya kwatsi, kimechongwa kiwe na meno mawili kama uma, kinachotetemeka mara 32,768 kila sekunde. Namba hiyo ilichaguliwa kwa sababu ukiigawa kwa mbili mara 15 unabaki na moja kamili. Saketi inafanya kazi hiyo ya kugawa, mchana na usiku, na inatumia umeme kidogo sana. Ile moja inayobaki ndiyo inaamsha mota. Aina ya mota inayotumika ilibuniwa na Mfaransa Marius Lavet mwaka 1936, miaka mingi kabla hajatokea mtu wa kuvaa kwatsi mkononi: koili, sumaku ndogo inayozunguka nusu duara, basi. Inapigwa na umeme kwa milisekunde chache tu, mshale unasogea hatua moja, kisha inalala hadi sekunde ijayo. Kwa mwaka mmoja inaamshwa mara 31,536,000.

Mlaji mkubwa ni mota. Kwa hiyo swali langu likahama. Kwa nini mota ya saa yangu inakula kuliko inavyostahili?

## Ndani ya mfuniko

Jibu lilikuwa limeandikwa muda mrefu, nami nilikuwa nalivaa dhidi ya ngozi.

Niliporudi kwa fundi alinipa ule mfuniko pamoja na lenzi yake. Kwenye uso wa ndani, pembezoni, kulikuwa na mikwaruzo midogo ya sindano. Mafundi wengi hufanya hivyo: wakifungua saa wanakwaruza tarehe au alama yao, ili atakayefuata, ambaye huenda wasionane naye maishani, ajue nini kilifanyika lini. Saa hii niliinunua kwa mwenzangu wa kazini aliyehamia kwenye saa janja, na yeye alishaivaa miaka mingi.

Ya kwanza ilisomeka 6/98. Chini yake 4/01, kisha 3/04, kisha 12/06. Mwandiko mmoja, pengine fundi mmoja. Halafu mwandiko mwingine, mnene zaidi: 1/09. 5/10. 4/11.

Zisome polepole. Mara tatu za mwanzo, karibu miaka mitatu kila moja. Baadaye miaka miwili. Kisha mwaka na miezi. Kisha haukutimia hata mwaka.

Baada ya hapo hakuna kitu, maana saa ilitupwa kwenye droo, hadi alama ya fundi wangu mwenyewe.

Niliduwaa mbele ya ile orodha. Kila aliyeifungua saa hii alibadilisha betri na kufunga. Inawezekana kila mwenye saa naye alinung'unika kuwa betri za siku hizi hazina kitu. Kumbe zilikuwa zikipungua siku kwa sababu moja, na sababu hiyo ilikuwa ikiongezeka kwa mpangilio unaoonekana.

Mafuta.

Ekseli za magurudumu ya saa zinazungukia kwenye vitundu vyenye tone la mafuta dogo kiasi kwamba hutiwa kwa ncha ya sindano. Miaka ikipita mafuta hayo hukauka, huganda, hushika vumbi. Mashine inakuwa nzito, mithili ya baiskeli yenye mnyororo mkavu: inakwenda, lakini anayekanyaga ndiye anayejua. Hapa ndipo ujanja wa saketi unapoleta kizaazaa. Mashine nyingi za kisasa kidogo hutuma kwanza pigo dogo la umeme, kisha zinapima kama sumaku imezunguka. Ikiwa haikuzunguka, zinatuma pigo kubwa zaidi, ndani ya sekunde ileile. Jicho haliwezi kuona. Mshale unakwenda kama kawaida, majira hayapungui hata nukta, na kumbe kila hatua imelipiwa mara mbili.

Saa inaficha ugonjwa wake kwa kutumia betri.

Hili ndilo lililonikaa kichwani kuliko yote. Tungekuwa na saa isiyo na ujanja huo, ingeanza kuchelewa, tungeipeleka, ingesafishwa. Kwa kuwa ina ujanja, tunaona dalili moja tu, betri kufa mapema, na tunaitibu dalili kwa betri nyingine.

Fundi akaiunganisha mashine kwenye kipimo chake. Namba zikachezacheza, zikatulia kwenye mikroampea 3.4. Nikagawa kichwani. Miezi kumi na moja.

## Safisha au tupa

Ushauri wake wa kwanza ulikuwa kubadilisha mashine nzima. Ndio ushauri wa akili. Mashine za kwatsi hutengenezwa kwa mamilioni, nyingi na kampuni za Japani zinazoziuzia mamia ya majina mengine. Ukifungua saa kumi zenye majina kumi tofauti usoni, usishangae kukuta mashine ileile ikijirudia. Kung'oa mishale, kuondoa uso, kuchomeka mashine mpya, kurudisha: kazi ya muda mfupi. Kusafisha ni kufungua kila gurudumu, kuosha, kukausha, kutia mafuta sehemu kwa sehemu, kupanga upya. Kazi ya kusafisha inakuwa ghali kuliko mashine mpya, na sidhani kuna anayedhulumiwa hapo. Mikono ya mtu inagharimu kuliko kipande cha kiwandani, ndivyo dunia ilivyojipanga.

Na ilijipanga hivyo kwa makusudi. Saa ya Uswisi iitwayo Swatch ilipoingia sokoni mwaka 1983 ilikuwa na vipande 51 tu, mashine ikiwa imejengwa moja kwa moja ndani ya kasha la plastiki, kioo kikiwa kimeunganishwa kwa mawimbi ya sauti kisifunguke tena. Nyuma waliacha mlango mmoja mdogo, wa betri. Yaani waliobuni walikueleza wazi: betri utabadilisha, mengine usiguse. Siwezi kuwalaumu. Kazi kwenye viwanda vya saa vya Uswisi zilikuwa zimeanguka kutoka takribani 90,000 mwaka 1970 hadi karibu 30,000 katikati ya miaka ya 1980, na saa hiyo ya plastiki ndiyo inayotajwa zaidi kuwa iliwanusuru. Lakini ndiyo pia iliyotuzoesha kuona saa kama kitu chenye betri inayobadilika na mashine isiyoguswa.

Nilitaka kumwambia aweke mpya. Siku mbili tatu nilikuwa nimeshaamua hivyo.

Kilichobadili mawazo hakikuwa mapenzi. Mashine mpya iliyoingia kwenye kasha ilikuwa na ekseli za kipimo kingine, mishale ya zamani haikukaa, na tarehe haikuangukia kwenye dirisha lake bali ilikatwa katikati. Aina ya zamani haitengenezwi tena. Wakati huohuo ile mashine chafu, fundi alisema huku akiigeuza, ilikuwa ya chuma, imefungwa kwa skrubu, na ilikusudiwa kufunguliwa. Mtu aliyeichora alimfikiria fundi.

"Hii inaosheka," alisema. "Hizi za kubana plastiki haziosheki."

Nikamwachia.

## Mkono ukiwa mtupu

Saa ikiwa kwa fundi niliendelea kugeukia kiganja cha mkono usio na kitu, na kufikiria saa nyingine ambazo zilidumu au hazikudumu kwa sababu ambazo hazikuwa betri wala mafuta.

Ninayoirudia zaidi ni Accutron ya Bulova, iliyotoka mwaka 1960. Haikuwa na kwatsi. Ndani yake kulikuwa na uma wa chuma uliotetemeka mara 360 kwa sekunde, na saa ilivuma badala ya kugonga. Betri yake ilikuwa ya zebaki, volti 1.35. Zebaki ni sumu, na Marekani ilipiga marufuku kuuza betri hizo ndogo za oksidi ya zebaki kwa sheria ya mwaka 1996. Hakuna mtu mwenye akili anayezililia. Lakini fikiria mwenye Accutron nzima, yenye afya: ukiiwekea betri ya fedha yenye volti 1.55, uma unaweza kutetemeka kupita kiasi na gurudumu likaruka meno, saa ikakimbia mbele. Mafundi wanalazimika kuirekebisha au kutafuta njia ya kupunguza volti. Mashine haikuchakaa. Chakula chake ndicho kilichoondolewa mezani.

Seiko Astron, saa ya kwanza ya kwatsi ya mkononi kuuzwa, ilitoka Tokyo tarehe 25 Desemba 1969 na betri yake ilikadiriwa kudumu kama mwaka. Pulsar ya Hamilton ya mwaka 1972, yenye tarakimu nyekundu za kung'aa, haikukuonyesha majira mpaka ubonyeze kitufe, kwa kuwa taa zile zingeimaliza betri zikiachwa zinawaka. Miaka 17 baadaye Casio ikatoa F-91W, na betri yake moja ya lithiamu ikakadiriwa miaka saba. Leo kuna za tarakimu zinazotangazwa miaka kumi. Siri si kubwa: hazina mota, kioo chake cha fuwele za maji hakili karibu chochote, na betri ya lithiamu ya volti 3 ina tumbo kubwa. Vinavyokula umeme ni taa na mlio. Ndiyo maana kijitabu cha maelekezo husema kadirio limefanywa kwa mtu anayewasha taa sekunde chache kwa siku. Mpe mtoto saa hiyo, umwache awe anawasha taa chini ya shuka, halafu uhesabu upya. Pia kijitabu hichohicho husema jambo ambalo hakuna anayelisoma: betri iliyokuja na saa ilianza kuhesabu siku zake kiwandani.

Wapo waliojaribu kuikwepa betri kabisa. Seiko Kinetic huzalisha umeme kwa mwendo wa mkono, lakini kile kihifadhi umeme cha za mwanzo kilichoka, na wenye saa wakalazimika kubadilishiwa. Zile za mwanga, kama Eco-Drive za Citizen, zimefanya vizuri zaidi na ningemshauri mtu yeyote anayechukia safari za kwa fundi. Hata hivyo ndani yake mna betri ya kuchajiwa, nayo ni kiungo, na viungo huzeeka. Wenye saa za ufunguo wakisikia haya wanatabasamu. Waache watabasamu. Saa ya ufunguo inayogonga mara 28,800 kwa saa moja inahitaji kufunguliwa, kuoshwa na kutiwa mafuta kila baada ya miaka mitano hadi kumi, kutegemea mtengenezaji. Haina betri ya kukuambia kuwa imechoka, basi mwenye nayo huivaa ikisagika.

Na saa janja? Nilimuuliza yule mwenzangu wa kazini kama anaijutia saa aliyoniuzia. Alisema hapana, yake mpya inampimia mapigo ya moyo, na usiku anaiweka kwenye chaja kama simu. Sina ugomvi na hilo. Ila Apple walipoanza kuuza saa zao mwaka 2015 walikuwa na toleo la dhahabu ya karati 18, bei ikianzia dola 10,000, na mwaka 2018 programu mpya ya saa hizo haikuzipokea zile za kwanza, za dhahabu zikiwemo. Dhahabu haikuchakaa hata chembe. Betri yake pia ingeweza kubadilishwa. Kilichoisha ni nia ya mtu mwingine kuendelea kuihudumia.

Hapo nikaona kuwa swali langu la mwanzo, betri inadumu muda gani, lilikuwa dogo mno kwa kitu nilichokuwa nakiuliza. Niliyekuwa namtafuta ni yule atakayekuja kuifungua saa, na kama itamruhusu.

## Zile zilizo kwenye droo

Jambo moja fundi alilisema kwa ukali kidogo, nami nalirudia kwa ukali huohuo.

Saa usiyoivaa, iliyosimama, usiiache na betri ndani. Betri iliyokufa huvuja. Maji yake ni makali, yanaacha ukoko mweupe au wa kijani na kula waya wa koili ambao ni mwembamba kuliko unywele. Saa yangu ilinusurika miaka ya droo kwa sababu mwenye nayo, sijui kwa kujua au kwa bahati, aliitoa. Ikiwa unaiweka pembeni kwa wiki chache tu, vuta kile kidude cha pembeni mpaka mshale usimame. Mota inapumzika na betri inapata nafuu.

Na hiyo uliyoitoa usiiache mezani. Betri ya duara ikimezwa na mtoto na kukwama kooni inaweza kuunguza nyama za ndani ndani ya saa mbili, hasa zile pana za lithiamu. Iliyoshindwa kuendesha saa bado ina umeme wa kutosha kudhuru. Izungushie selotepu pande zote, iweke juu asikofika mtoto, uipeleke panapopokewa betri chakavu. Mtoto akimeza, ni hospitali moja kwa moja, bila kusubiri dalili.

## Mita 50

Saa ilirudi. Kipimo kilisoma mikroampea 1.1, betri ikawekwa, SR626SW ileile ya jina. Kwa hesabu inakaribia miaka mitatu, na safari hii naiamini.

Kilichobaki ni maji, na hili bado halijaisha.

Mgongoni mwa saa imeandikwa mita 50. Maandishi hayo yanaihusu saa ilivyotoka kiwandani, mpira wake wa kuzuia maji ukiwa mpya. Kila betri inapobadilishwa mfuniko unafunguliwa, mpira unavutwa, unabanwa upya, pengine unakaa upande. Nikiitazama ile mikwaruzo tena naona hasara ambayo sikuihesabu mwanzoni: saa iliyofunguliwa kila mwaka imepewa nafasi nyingi za kuingiza unyevu kuliko iliyofunguliwa kila baada ya miaka mitatu, na unyevu ndio unaoharibu mafuta na koili kwa pamoja. Faida kubwa ya betri ya miaka kumi, kwa maoni yangu, ni miaka kumi ya kutofunguliwa. Ingawa mpira nao hausubiri. Unakakamaa ndani kimyakimya, uwe umefunguliwa au haujafunguliwa.

Wangu ulikuwa umekakamaa. Fundi aliukunja kwa kidole, ukaonyesha nyufa. Ameagiza mwingine wa kipimo chake, na anasema akiuweka ataipeleka saa kwa mwenzake mwenye chombo cha kupimia shinikizo, kwa kuwa yeye hana. Mpaka hapo, nikinawa mikono, saa inaingia mfukoni.